Nahodha: Mwongozo Kamili wa Kulifuata Neno la Baharini Mpaka Lilikotoka

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi, mtembeza watalii, au mtu yeyote wa Lamu anayetaka kujua neno la ubaharia lilizaliwa wapi, lilipitia wapi, na limebadilika vipi, kisha aweze kulitetea jibu lake mbele ya watu wanaojua. Neno tutakalolifuata ni nahodha. Hulisikia gatini, hulisikia kwenye mpira timu ya taifa inapotajwa, na hulisikia kwenye hotuba za siasa. Ni neno zuri la kujifunzia kazi hii kwa sababu ushahidi wake ni mwingi na umetapakaa pwani zote za Bahari ya Hindi. Ukishalimaliza, njia hiyo hiyo utaitumia kwa tanga, nanga, joshi, demani, serahangi na mengine.

Nina rai moja, nayo ndiyo inayoshikilia mwongozo mzima: usianze na kamusi, anza na chombo. Neno la baharini ni neno la kazi. Mtu asiyejua kazi yenyewe hudanganywa na sauti. Akisikia maneno mawili yanafanana huyaunganisha, na uongo huo ukishaingia kwenye vitabu vya wageni hautoki tena.

Unahitaji daftari, simu ya kurekodia, siku kadhaa zisizo na haraka, na mtu wa kukujulisha kwa wazee.

Hatua ya kwanza: chagua wakati na mahali

Wakati bora ni msimu wa kusi, hasa baina ya Mei na Agosti. Upepo wa kusi huchafua bahari ya nje, safari ndefu hupungua, na vyombo vingi hupandishwa pwani vikafanyiwa kazi: mbao mbovu hutolewa, mianya hukalafatiwa kwa pamba, na sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Hapo nahodha yuko karibu na chombo chake na hana maji ya kuyakimbilia. Ukimwendea kaskazi imekaa sawa, Januari kwa mfano, utamkuta kati ya safari mbili na majibu yake yatakuwa ya mkato.

Mahali ni pengi, na kila pahali pana lugha yake kidogo. Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, ndiko kwa mafundi wanaounda vyombo. Huko utapata majina ya kila ubao, kuanzia mkuku na mataruma hadi fashini. Shela utapata manahodha wa mashua zinazochukua watalii, na wengi wao ni vijana. Mokowe, upande wa bara, ni gati ya mizigo na abiria. Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, ni kwa wavuvi wa Kibajuni ambao bahari yao hufika mbali kaskazini. Kama uko Malindi, nenda walipo wavuvi karibu na soko la samaki. Usichukue jibu la mahali pamoja ukaliita jibu la pwani nzima.

Saa nayo ina maana. Maji yakiwa karibu kupwa kila mtu ana shughuli, kwani chombo kikikaa mchangani hakitoki mpaka yajae tena. Mimi huona baada ya sala ya alasiri, barazani, ndio wakati watu wanapokuwa na nafasi ya kuzungumza.

Ingia kwa adabu. Toa salamu, jitambulishe kwa jina la baba yako na mtaa wenu, kubali kahawa ukipewa, na acha mazungumzo yaende yenyewe kwanza. Kumbuka kwamba nahodha pia ni jina la heshima: watu humwita mtu “Nahodha” hata baada ya kuacha bahari. Kama ni mkubwa wako kwa umri, mwite hivyo, au mwite ami kama ndivyo mnavyoitana nyumbani. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na mwambie utayapeleka wapi maneno yake.

Hatua ya pili: uliza kazi, usiulize maana

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanauliza, “Nahodha maana yake nini?” na mzee hujibu, “Nahodha ni mkubwa wa chombo.” Jibu ni la kweli, lakini halina kitu ndani yake. Uliza juu ya kazi, na maana itakuja yenyewe:

Nani huamua chombo kitoke leo au kisubiri?
Nani hushika usukani kwenye mlango wenye miamba, na nani hushika mkiwa bahari kuu?
Mzigo ukilowa, nani husimama mbele ya mwenye mali?
Mwenye chombo akipanda, amri ni ya nani?
Mapato yakigawanywa, fungu la nahodha huhesabiwa vipi, na chombo chenyewe kina fungu?
Kijana huanza kuitwa nahodha lini, na nani wa kwanza kumwita hivyo?

Swali la nne ndilo ninalolipenda kuliko yote. Linatenganisha umiliki na uongozi, na baadaye utaona kwamba historia nzima ya neno hili iko kwenye mpaka huo. Siku hizi mwenye chombo mara nyingi ni tajiri aliyeko mjini, asiyejua hata kufunga demani, ile kamba ya tanga. Nahodha huongoza mali isiyokuwa yake. Andika jibu kama lilivyosemwa, kwa maneno ya msemaji, Kiamu chake, yaani lahaja ya Lamu, na kila kitu. Usilisanifishe.

Hatua ya tatu: liweke neno pamoja na majirani zake

Hakuna neno linaloishi peke yake. Chora duara, andika nahodha katikati, kisha uyapange pembeni majina yote ya watu wa chombo uliyoyasikia. Utakuwa na baharia, mfanyakazi wa chombo kwa jumla. Utakuwa na serahangi, msimamizi wa mabaharia. Utakuwa na msukani au mshika usukani. Utakuwa na rubani, aliyekuwa mjuzi wa njia ya maji na ambaye leo watoto wanamjua kama mwendesha ndege. Na utakuwa na tajiri, mwenye mtaji.

Halafu jiulize mpaka wa kila mmoja uko wapi. Kwenye mashua ndogo ya Shela, mtu mmoja anaweza kuwa nahodha, msukani na tajiri kwa pamoja. Kwenye jahazi kubwa la zamani lililokwenda Uarabuni na kurudi, kazi hizo ziligawanyika. Duara hili litakusaidia sana ukifika kwenye maandishi ya kale, kwa sababu huko kazi hizi zilikuwa zimegawanyika zaidi, na ukisoma bila duara utafikiri kila anayetajwa ni nahodha.

Tazama vilevile wapi neno limehama. Nahodha wa timu ya mpira hana chombo wala tanga. Kilichobaki ni uongozi wa kikundi kidogo kinachofanya kazi moja. Rubani ameondoka majini kabisa. Baharia amebaki baharini, ingawa vijana wa mjini wanamtumia kwa maana nyingine. Kuhama huku ni sehemu ya maana ya neno, usikuone kama makosa.

Hatua ya nne: sikiliza methali

Methali huhifadhi neno katika umbo la zamani, na hubeba picha ambayo msemaji wa leo pengine hana tena. Kwa neno letu iko moja inayojulikana pwani nzima: Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Itazame kwa makini. Inakupa wingi wa neno, manahodha. Inakuonyesha kwamba nahodha ni cheo cha mtu mmoja, hakigawiki. Na inakupa neno la pili la kulifuatilia, mrama, ambalo ni mwendo wa chombo kinachoyumba kwa mawimbi kisishike njia. Leo tunasema mipango imekwenda mrama, ndoa imekwenda mrama, na hatufikirii bahari kabisa. Kwa hiyo methali moja imekushikia maneno mawili, moja lililobaki na maana yake ya chombo na jingine lililokwisha kupanda nchi kavu.

Kusanya na nyingine, hata zisizotaja nahodha. Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu wa bara ataisoma asielewe hata neno moja. Ukishajua kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumbo la chini ambamo maji yanayovuja hukusanyika, ndipo inapofunguka.

Hatua ya tano: pima umbo na sauti

Sasa kaa chini na daftari. Kwanza umbo. Neno mvuvi unaweza kulikata: m- ya mtu, na kitenzi vua. Vivyo hivyo mjenzi. Jaribu nahodha: hakuna kiambishi cha mtu mbele, wala hakuna kitenzi ndani yake. Wingi wake ni manahodha, kama marubani, makarani na madaktari, ilhali upatanisho wake ni wa mtu: nahodha amefika, manahodha wamefika. Majina mengi ya vyeo yaliyotoka nje yamekaa katika safu hiyo. Hili ni dokezo la ugeni tu. Halitoshi kuwa ushahidi.

Kisha sauti. Kiswahili kimelainisha kh nyingi zilizotoka Kiarabu zikawa h: khabari ikawa habari, khatari ikawa hatari, kheri ikawa heri. Kwa hiyo h iliyo katikati ya nahodha inaweza kuwa kh ya zamani. Msikilize mzee aliyesoma chuo cha Kurani analitamka vipi. Huenda ukaisikia kh yenyewe mdomoni mwake. Ukibahatika kupata barua au utenzi wa zamani kwa herufi za Kiarabu, angalia neno limeandikwa kwa khe au kwa he, kwa dhali au kwa dali. Piga picha mstari mzima, usipige neno peke yake.

Hiyo dh ya mwisho usiiache. Itakuwa na kazi kubwa muda si mrefu.

Hatua ya sita: sasa fungua kamusi

Ukija kwenye kamusi ukiwa na hatua tano nyuma yako, utazisoma kwa macho mengine. Tumia zaidi ya moja, na uanze na za zamani. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, ilichapwa London mwaka 1882 na inaegemea zaidi Kimvita, lahaja ya Mombasa, cha wakati ule. Ya padri Mfaransa Charles Sacleux, iliyotoka Paris mwaka 1939, ina faida kubwa kwetu wa kaskazini kwa sababu inataja lahaja, Kiamu ikiwemo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 itakuonyesha matumizi yaliyo karibu zaidi na ya leo.

Kanuni tatu za kuzitumia. Tafuta neno kwa tahajia zaidi ya moja, kwani waandishi wa karne ya 19 waliandika kwa masikio yao: nahoda, nakhoda, nahodha. Nakili maana zote, hata zile zinazoonekana za ajabu. Na alama inayosema neno ni la Kiarabu au la Kiajemi ichukue kama dai la mwandishi linalongoja kupimwa. Neno laweza kuzaliwa nyumba moja, likalelewa nyumba nyingine, na likaolewa kwetu; kamusi nyingi hutaja mlezi peke yake.

Hatua ya saba: vuka bahari

Hii ndiyo hatua iliyo tajiri kuliko zote, na ndiyo sababu nililichagua neno hili.

Andika orodha ya lugha zilizofanya biashara ya baharini na Lamu, kisha utafute kila moja inamwitaje mkubwa wa chombo. Waarabu wa Ghuba, Kuwait na jirani zake, husema nokhadha, wingi nawakhidha. Kiajemi husema nakhuda. Kihindi na Kiurdu ni nakhuda. Kimalei na Kiindonesia ni nakhoda. Wasomali majirani zetu wanalo pia. Toka Kismayu hadi visiwa vya Indonesia, neno ni moja.

Sasa swali: limezaliwa wapi? Kanuni ninayoitumia ni hii. Neno la kuungwa huwa limezaliwa katika lugha ambamo vipande vyake ni maneno hai. Kiarabu hakiwezi kulikata nakhudha likatoa maana. Kimelipa wingi wa Kiarabu, nawakhidha, lakini hakina vipande vyake. Kiswahili hakiwezi. Kimalei hakiwezi. Kiajemi kinaweza: nav ni chombo cha majini, na khuda ni bwana, mwenye kumiliki. Mwenye chombo.

Mtu atakuambia khuda kwa Kiajemi ni Mungu, basi nahodha ni mungu wa chombo. Mjibu kwa neno jingine la Kiajemi, kadkhuda, ambalo ni mkuu wa kijiji: kad ni nyumba, khuda ni bwana wake. Maana ya bwana na mwenye mali ni ya kale ndani ya khuda, na ndiyo iliyoingia kwenye jina la mkubwa wa chombo.

Rudi sasa kwenye ile dh. Kihindi na Kimalei zina d. Kiarabu kina dh. Kiswahili kina dh. Kwa hiyo ingawa Kiajemi ndicho kilicholiunda neno, sauti yake inasema lilitufikia kupitia midomo ya Waarabu, wala halikupitia kwa wafanyabiashara wa India. Kiajemi cha karne za mwanzo za Uislamu nacho kiliitamka d kama dh inapofuata irabu, na waandishi wake wakaiandika kwa dhali. Basi hiyo dh yaonyesha kwamba Waarabu wenyewe walilichukua neno zamani sana, kabla Kiajemi hakijaibadilisha sauti hiyo kuwa d. Herufi moja imekupa njia na imekupa umri.

Hatua ya nane: tafuta tarehe

Asili bila tarehe ni hadithi tu. Unataka kuweza kusema: kufikia mwaka fulani neno lilikuwa tayari linatumika, mahali fulani, kwa maana fulani.

Kwa nahodha, ushahidi wa kale ulio karibu nasi ni wa karne ya 10. Buzurg ibn Shahriyar, mtu wa Ramhurmuz huko Uajemi, aliyekuwa mwenyewe akiitwa nakhuda, alikusanya masimulizi ya mabaharia kwa Kiarabu. Moja ni la nahodha Ismailawayh, aliyetoka Oman mwaka 310 Hijria, sawa na 922, akielekea Qanbalu katika pwani hii yetu, na upepo ukamtupa Sofala, katika Msumbiji ya leo. Kwa hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu wenye cheo hicho walikuwa wakiijia Afrika Mashariki.

Kisha kuna barua za wafanyabiashara Wayahudi zilizohifadhiwa Cairo, za karne ya 11 na 12, zinazohusu biashara ya Aden na India. Humo nakhuda mara nyingi ni mwenye chombo au wakili wa mwenye chombo, mtu wa mtaji. Kuiongoza njia ilikuwa kazi ya mtu mwingine. Hapa utalifurahia lile duara lako la hatua ya tatu. Neno lilianza kwa maana ya umiliki, sawasawa na vipande vyake vya Kiajemi, kisha taratibu likahamia kwa anayeamuru chomboni, awe anakimiliki au hakimiliki. Jibu la mzee wako wa Matondoni kuhusu tajiri wa mjini ni mwisho wa safari hiyo hiyo.

Malindi nayo ina ushahidi wake. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapo na akapewa mtu wa kumwongoza. Mei mwaka ule ule alikuwa Calicut, India. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamwita kiongozi huyo Malemo Cana au Malemo Canaqua. Malemo si jina la mtu. Ni muallim, cheo cha mjuzi wa nyota na njia katika vyombo vya Bahari ya Hindi, neno lile lile lililotupa mwalimu. Wengi hapa husimulia kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, mjuzi mashuhuri wa Oman, lakini mwanahistoria Mreno João de Barros anamwita Mwislamu wa Gujarat, na wanahistoria wengi wa leo hawakubali kwamba alikuwa Ibn Majid. Kwa kazi yetu muhimu ni kile cheo. Waliyepewa Wareno alikuwa muallim, mwenye kujua njia, na nahodha alikuwa mtu mwingine. Ukimsikia mtembeza watalii pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama akisema alikuwa nahodha wa Malindi, unaweza kumsahihisha kwa upole.

Kuna pia ushahidi wa udongo. Shanga, kisiwani Pate, wachimbuzi walikuta mji ulioanza karne ya 8, na humo vigae vya vyungu vilivyotoka Ghuba ya Uajemi. Vigae havisemi nahodha, lakini vinaonyesha kwamba njia ambayo neno lingepitia ilikuwa wazi mapema hivyo.

Hatua ya tisa: ruka mitego

Mtego wa kwanza ni wa kufanana. Vyombo vya Wareno viliitwa nau, na mtu anaweza kusema nahodha imetoka kwao. Nau ya Kireno na nav ya Kiajemi zina undugu wa mbali sana, pamoja na navis ya Kilatini na nau ya Kisanskriti. Lakini Ismailawayh alisafiri mwaka 922, Wareno wakafika 1498. Tarehe imemaliza ubishi.

Mtego wa pili ni wa nasaba, na huu naomba uutilie maanani. Kwetu kuna masimulizi ya Washirazi, wanaosema wazee wao walitoka Uajemi, na ni rahisi kuchukua neno la Kiajemi kama nahodha au serahangi na kulifanya hati ya ukoo. Neno halifanyi kazi hiyo. Neno la biashara husafiri na biashara. Wamalei wanalo nakhoda bila kudai kuwa Waajemi. Linachothibitisha ni kwamba mabaharia wetu walifanya kazi bega kwa bega na mabaharia wa Ghuba kwa muda mrefu kiasi cha kushirikiana majina ya vyeo. Hilo lenyewe ni kubwa, halihitaji kuongezewa.

Mtego wa tatu ni kudhani kwamba jina likitoka nje basi ujuzi nao umetoka nje. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari na kusafirishwa kwa tanga la mkeka, ulikuwa wa visiwa hivi. Cheo cha mkubwa wake kuwa na jina la Kiajemi hakuuondolei uzawa wake. Usiandike kamwe kwamba Waswahili walifundishwa bahari, kwa ushahidi wa maneno peke yake.

Hatua ya kumi: andika kadi, kisha irudishe

Kila neno lipe kadi moja. Ya nahodha ingekuwa hivi:

Nahodha, wingi manahodha. Unahodha, kazi yake. Lamu: mwenye amri chomboni, awe mwenye chombo au hapana, pia jina la heshima. Kuhama: kiongozi wa timu, wa kundi, wa nchi. Majirani: tajiri, serahangi, rubani, msukani, baharia. Methali: Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Asili: Kiajemi nav na khuda, mwenye chombo, limepita Kiarabu, ushahidi ni dh. Tarehe: linatajwa katika safari za kuja pwani hii katika karne ya 10. Mabadiliko ya maana: mmiliki, kisha mwenye kuamuru, kisha kiongozi yeyote. Msemaji: mahali, umri wa kukadiria, tarehe ya mazungumzo, ruhusa aliyoitoa.

Usijaze nafasi ambayo huna ushahidi wake. Iache wazi.

Kisha rudi na kadi kwa wale waliokupa maneno na uwasomee kwa sauti. Hii haiepukiki. Watakukatiza, watabishana wenyewe kwa wenyewe, na katika ubishi huo huja mambo ambayo hakuna swali lingeyatoa. Wakikusahihisha, andika sahihisho pamoja na jina la mahali, na usilifute la kwanza: pengine Kizingitini na Shela hawasemi sawa, na tofauti hiyo ni habari yenyewe.

Ukiwa tayari kwa neno la pili, ningekushauri uchukue demani. Ni kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Kwa sababu hiyo ni jina la upande wa chombo ulio chini ya upepo, mkabala na joshi. Na ni jina la majira ya kusi kupoa, Agosti kuendelea. Kiajemi kina daman, upindo wa chini wa nguo. Anza kwa kupanda mashua Shela kipindi hicho hicho cha demani, keti nyuma karibu na nahodha, na umwombe akuruhusu kuishika kamba hiyo chombo kinapobisha, yaani kinapopindapinda dhidi ya upepo, kuelekea Manda.